Waya Uliofutwa Pichani

Katika safari za siku moja ambazo shule na vyuo vya magharibi mwa Kenya huzifanya hadi Kisumu, ipo desturi moja ambayo haijahojiwa vya kutosha. Mwanafunzi husimama mbele ya kizimba cha chui katika Hifadhi ya Impala, akaisogeza simu yake hadi ikakaribia kugusa tundu la waya, kisha akapiga picha ambayo ndani yake waya hauonekani hata kidogo. Mwenye kamera kubwa hufungua lenzi yake kwa upana ili nyuzi za waya ziyeyuke na kuwa kama ukungu. Picha hiyo husafiri hadi nyumbani ikiitwa "chui wa porini". Picha ya namna hiyo inadanganya, na wanaoumia kwa udanganyifu huo ni wanyama walio nje ya kizimba, ambao takriban hakuna anayewaelekezea kamera.

Historia ya hifadhi hiyo inatosha kuwa ushahidi. Ilianzishwa mwaka 1992 kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, karibu kabisa na katikati ya mji, na eneo lake lote ni takriban hekta 34. Shabaha yake kuu ilikuwa kulinusuru kundi la swala pala, masalio ya wale waliokuwa wakizurura ufuoni kabla mji haujapanuka na kuwabana. Chui, simba, duma na fisi waliomo humo wanafugwa vizimbani, na wengi wa wanyama wa namna hiyo ni yatima au waliookolewa kutoka kwingineko. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halimfichi mgeni jambo hilo. Picha ndizo zinazolificha. Matokeo yake ni kwamba mgeni hupita katikati ya swala pala wanaotembea huru, ambao ndio sababu ya hifadhi kuwapo, akiwaona kama sehemu ya majani, huku akiharakisha kumfikia chui aliyelala.

Naam, amelala. Basi la safari ya siku moja aghalabu huwasili jua likiwa limepanda, saa ambazo wanyama wa jamii ya paka hujilaza kivulini. Hapo ndipo zinapoanza mbinja, makofi na kugonga waya, ili mnyama ainue kichwa. Tumbili nao hurushiwa biskuti ili wajongee kwenye fremu. Mpiga picha amekuwa mtunzi na mwelekezi wa tamthilia, na wahusika wake hawakuombwa ridhaa.

Hila hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku za wanyama katika nyika zilizo karibu na Kilimanjaro. Alifunga mifugo hai iwe chambo, akatega kamera na mwako wake, kisha simba aliyekuja kula akajipiga picha mwenyewe pasipo kujua. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliuweka mwako huo na bunduki pamoja katika jina lake, na haikuwa bahati mbaya, maana mwandishi alizitumia zote mbili. Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka 1977, bunduki ya mtalii imebaki kwenye hadithi, ila tabia ya kurudi nyumbani na nyara ingali hai.

Yamkini atatokea mtetezi aseme kwamba picha ni sanaa, na sanaa haifungwi na ukweli wa mambo. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa wanafunzi wa fasihi waliolelewa na Sungura anayesema na Fisi anayepanga njama. Hata hivyo, mtambaji hamdanganyi mtu. Asemapo "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", pande zote mbili zimekubaliana kuingia katika ulimwengu wa kubuni. Picha ya chui asiye na waya haina paukwa yake. Inajidai kuwa shahidi, na mtoto wa Nyando au wa Bondo anayeionyeshwa huiamini kama shahidi.

Lugha yenyewe inastahili kusikilizwa hapa. Kiingereza humtaja mpiga picha kwa vitenzi vya mwindaji na mtekaji. Kiswahili kina "kupiga", kitenzi kinachobeba risasi na fimbo, lakini pia pasi, magoti na hodi. Hakuna kinachomlazimu Mswahili achague maana ya risasi. Anayepiga hodi husimama kwanza, akangoja, na pengine akaondoka bila kufunguliwa mlango. Wavuvi wa Dunga wanaijua adabu hiyo vyema, kwani mtumbwi unaomsogelea kiboko kupita kiasi unaweza kupinduliwa. Kiboko huyo hana kizimba. Usiku hutoka ziwani kwenda kula majani, na mara nyingi picha yake nzuri kuliko zote ni masikio mawili na pua juu ya maji.

Vivyo hivyo nzohe, swala wa kwenye vinamasi mwenye kwato ndefu zilizoumbwa kwa matope. Akihisi hatari huzama majini akaacha pua tu. Makao yake katika ufuo huu ni mafunjo, yale yale yanayokatwa kwa ajili ya mikeka na kuchomwa ili kupata mashamba. Asiyewahi kuonekana pichani hana wa kumlilia mafunjo yake yakiisha. Linganisha na Omieri, chatu wa Nyakach, ambaye mwaka 2003 aliwavuta watu wengi mno kuja kumtazama. Wanakijiji walikuwa wamempa jina na kumpa nafasi katika imani zao za mvua na neema, na hawakutaka ahamishwe. Mwenye jina alipata watetezi.

Kuhusu majina, aibu kubwa zaidi imo Ruma. Hifadhi hiyo ya Bonde la Lambwe, ambayo mbung'o na malale viliwazuia watu kuikalia kwa wingi, ilitengwa mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Mnyama aliyesababisha itengwe ni korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi kwa mweupe, ambaye nchini Kenya hapatikani porini mahali pengine popote. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu 15 tu. Ukiwauliza wanafunzi korongo ni nini, wengi watataja ndege mwenye miguu mirefu au bonde lililochimbwa na mvua, na hawatakuwa wamekosea, kwa kuwa neno ni moja. Maana ya tatu ndiyo inayopotea pamoja na mwenyewe.

Vyama vya Kiswahili vinavyopanga safari hizi vina nyenzo ambayo watalii hawana, nayo ni maelezo ya chini ya picha. Chui wa Kisumu achapishwe na waya wake wote, yaandikwe maneno "chui kizimbani". Chini ya picha nyingine pasiandikwe "swala" tu, bali swala pala, nzohe, taya, kongoni, kila mmoja kwa jina lake. Na safari moja kati ya hizo ipelekwe Ruma, basi liondoke kabla ya mapambazuko. Huenda wasafiri wakarudi bila kumwona korongo hata mmoja. Basi ichapishwe picha ya nyasi walizozitazama kutwa nzima, na chini yake iandikwe walikuwa wakimtafuta nani.