Jina la Kilele na Jina la Fuwele

Wako watu wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya shairi na soko, na kwamba elimu ya vitu ikifika mbali, hapana budi mwanafunzi aiache lugha yake mlangoni. Neno hili husemwa Moshi mjini na katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, tena husemwa na watu wenye simu mikononi. Lastahili kupimwa kwa kitu kilichomo ndani ya nyingi za simu hizo.

Kitu hicho ni fuwele kimiminika. Mtoto wa Marangu azijua hali mbili za maji: barafu iliyo juu ya Kibo, na maji yatiririkayo migombani katika mifereji ya kale iitwayo mifongo. Katika barafu molekuli zimeshika safu. Katika maji safu imevunjika. Fuwele kimiminika imekaa kati ya hali hizo: hutiririka kama maji, lakini molekuli zake zingali zimeelekea upande mmoja. Umeme kidogo huzigeuza, na kwa kugeuka kwake, zikisaidiwa na vichujio viwili, nuru itokayo nyuma ya kioo hupita au huzuiwa. Ndivyo picha ionekanavyo.

Ziko nyingine zenye molekuli mfano wa sahani zilizopangwa moja juu ya moja. S. Chandrasekhar na wenzake walizieleza mwaka 1977 huko Bangalore, India. Baadhi yake huuzuia umeme gizani, na zikipigwa na nuru huupitisha kwa kufuata mpango wa sahani, kama maji yafuatavyo mfongo. Ziko pia zitoazo nuru zenyewe zipitapo umeme. Wataalamu huzichunguza kwa ajili ya taa, vioo vya picha na vyombo vya kugeuza nuru ya jua kuwa umeme.

Je, ni jambo gani hapo lililokishinda Kiswahili?

Watajibu kuwa majina ni mageni. Lakini jina lilikuwa geni kwa kila mtu. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliona kitu kilichotokana na karoti kikiyeyuka mara mbili: kwa nyuzi 145.5 kikawa kimiminika chenye ukungu, kwa nyuzi 178.5 kikawa cheupe kama maji. Hakuwa na jina la hali ile. Mwaka 1889 Otto Lehmann aliunganisha maneno ya kawaida ya Kijerumani, akaiita fuwele itiririkayo. Wajapani nao walijifunza elimu hii kwa Kijapani, na mwaka 1973 kampuni yao ya Sharp iliuza kikokotoo chenye kioo cha fuwele hizo. Kiswahili kina Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Kilichokosekana si maneno, bali ni kuyatumia.

Mwaka ule ule wa 1889 Hans Meyer alifika kilele cha Kibo, akakipa jina la Kaisari Wilhelm. Baada ya Tanganyika kujitawala mwaka 1961 kilele kiliitwa Uhuru. Mlima haukubadilika, waliobadilika ni wenye mamlaka ya kuutaja. Iweje taifa lililothubutu kukipa jina kilele kirefu kuliko vyote Afrika liogope kuitaja fuwele?

Hapana asemaye Kiingereza kitupwe. Kifundishwe, tena kifundishwe vizuri. Lakini kujifunza lugha ni kazi moja, na kuelewa nuru ni kazi nyingine. Mtoto wa Kibosho aliyeulizana na mwalimu wake wa shule ya msingi habari za mvuke na barafu huingia sekondari akanyamaza, akakariri asiyoyaelewa, kisha akaambiwa hana akili ya sayansi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Sekondari zikaendelea na Kiingereza. Wenye kuchelewesha jambo hili na wadaiwe sababu, na sababu hiyo isiwe tena udhaifu wa Kiswahili.