Jino Lililong'olewa Halirudi

Mwenzangu wa chumba alikaa na jino bovu wiki tatu akisubiri bumu. Usiku anasukutua maji ya chumvi, anameza panadol, analala. Kisha nyumbani kwao Tabora wakamtumia gundi ya nyuki, ile nyeusi inayonata, abandike kwenye tundu. Maumivu yakapungua siku mbili. Siku ya tatu shavu likavimba. Kliniki wakaling'oa. Ana miaka 21.

Wengi tulimcheka, eti msomi mzima na dawa za mizinga. Nadhani tulicheka kitu kisicho.

Gundi ile, kitaalamu propolisi, si ushirikina. Nyuki huokota utomvu kwenye machipukizi na magome ya miti, huuchanganya na nta, kisha huziba nyufa za mzinga. Ina flavonoidi, kemikali za mimea, na maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba hudhibiti bakteria na kupunguza uvimbe. India na kwingineko madaktari wa meno wameijaribu kufunika kiini cha jino kilichofunuka, wakiilinganisha na kalsiamu hidroksaidi iliyozoeleka. Katika baadhi ya majaribio kiini kilijijengea ukuta mpya wa dentini, jino likabaki hai.

Sasa mbona kwa mwenzetu ilishindikana? Kwa sababu majaribio yale yalitumia dondoo iliyoandaliwa, kwenye jino ambalo kiini chake bado kizima, tundu likasafishwa na kuzibwa vizuri mate yasipenye. Yeye alibandika gundi ghafi juu ya uozo. Ni kufunga mlango huku mwizi yuko ndani. Na maumivu kukata ghafla si lazima uwe umepona. Huenda kiini ndio kinakufa. Tena wapo ambao propolisi huwaletea mzio. Na wale wa kupaka asali, kumbukeni asali ni sukari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tusiidharau, na tusijitibu nayo. Tuichunguze. Propolisi hubadilika kulingana na miti iliyopo, hivyo majibu ya India hayatoshi kwa miombo ya Tabora. Tunajivunia asali na nta, lakini gundi tunaikwangua na kuitupa. Wenzetu wa kemia na udaktari wa meno, mnaohangaika kutafuta mada za utafiti wa mwaka wa mwisho, mada hiyo hapo.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina kazi. Idai huduma ya kuziba meno kwenye zahanati ya chuo, isiwe kila anayeingia na jino anatoka na pengo. Tundu dogo likizibwa mapema, hata hiyo dawa ya kufunika kiini haihitajiki.

Na sisi wa ualimu tusijitoe. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya meno ya utoto, bila lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo litadondoka, wanaliacha lioze. Mwalimu wa darasa la kwanza anayelijua hilo anaweza kuokoa meno mengi kwa dakika tano tu za kipindi.

Mwenzangu sasa anatafunia upande mmoja. Nikimwona mezani, sicheki tena.