Amana ya Mtoto Hailipwi kwa Ngamia

Nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi, babu yangu alinishika mkono akanipeleka chuoni kwa mwalimu wangu wa kwanza wa Kurani. Alipofika mlangoni alisema maneno ambayo wengi wa rika langu hapa pwani waliyasikia kwa wazee wao: "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Maana yake, nipigwe nitakavyopigwa, madhali nirudi nyumbani nikiwa hai na nimehifadhi. Babu hakuwa mtu mkatili. Aliamini tu kuwa mwenye kumfunza mtoto neno la Mungu hawezi kumdhuru. Mimi nilibahatika, kwani mwalimu wangu alikuwa mpole na bakora yake ilikaa ukutani zaidi kuliko mkononi. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza: lau asingekuwa mpole, ningemwendea nani?

Swali hilo lilinirudia Garissa. Nilikwenda kwa basi kutoka Mombasa, tukapita Garsen, Hola na Bura mpaka Madogo, kisha tukavuka daraja la Mto Tana tukaingia mjini. Nilialikwa na vijana wa chama kimoja, ambacho sitakitaja, niwasomee mashairi na kuzungumza nao juu ya malezi. Ni vijana wazuri. Jioni huwakusanya watoto wa mtaa wakawacheza mpira, wakawasaidia masomo ya shule, na baada ya magharibi wakawasomesha Kurani.

Baada ya isha, mmoja katika viongozi wao alinifuata nje. Aliniita "adeer", ambalo kwa Wasomali ni kama sisi tunavyosema ami. Akanisimulia kwa sauti ya chini kuwa miaka michache nyuma mtoto mmoja wa chama chao alidhuriwa na mtu mzima aliyekuwa akiwasaidia kusomesha. Madhara yenyewe gazeti halina haja ya kuyaeleza. Wazee wa koo mbili walikaa, wakapatana, mifugo ikatolewa, dua ikaombwa. Yule mtu akahamia mji mwingine, na huko, alisema kijana, anasomesha watoto.

"Adeer, siku ile ya kikao mimi ndiye niliyewapelekea wazee chai. Sikusema neno. Je, nami nina dhambi?"

Usiku ule sikuwa na la kumjibu. Haya niandikayo leo ndiyo jibu langu.

Kikao alichokisimulia huitwa maslaha, nacho kinajulikana Garissa, Wajir na Mandera kote. Sikusudii kukibeza. Mwaka 1993, koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, wazee ndio waliokaa wakatoa Azimio la Al-Fatah, na damu ikapungua kumwagika. Na tukumbuke kuwa waliowasukuma wazee mpaka wakakaa ni wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Kwa hivyo asituambie mtu kuwa mila ya wazee ni jiwe lisilosogezwa.

Lakini maslaha iliwekwa ili koo zisiuane. Wanaokaa ni wazee wa koo, kinachopimwa ni heshima ya koo, na fidia huingia katika ukoo. Kwa ugomvi wa kisima au malisho, hilo linafaa. Kwa mtoto aliyedhuriwa, halifai hata kidogo. Mtoto hakai kwenye mkeka ule, wala haulizwi. Dua ikishaombwa, koo huwa zimepona. Mtoto hajapona, na aliyemdhuru yu huru kumwendea mwingine.

Wapo watakaonijibu kwa Katiba. Watasema kuwa Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inahimiza njia za jadi za kusuluhisha, na kuwa mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya jamaa wa pande mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi. Ni kweli. Lakini ibara hiyo hiyo inakataza njia yoyote ya jadi inayovunja haki za mtu au kwenda kinyume na uadilifu, na Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya kulindwa na dhuluma. Tena Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 imesema wazi: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha, na uamuzi wa kusimamisha kesi ya namna hiyo haumo mikononi mwa baba, wala mjomba, wala mzee wa ukoo. Ni wa mkuu wa mashtaka wa serikali peke yake.

Wengine watanijibu kwa dini. Watasema Uislamu unaamrisha sulhu na sitara. Nami nasema ndiyo. Lakini wanavyuoni wetu wametufunza kuwa sulhu ina mpaka, haihalalishi lililoharamishwa. Na sitara ni ya mja aliyeteleza baina yake na Mola wake. Haikuwekwa iwe pazia la kumficha mtu anayewala watoto wa wenziwe. Ukimsitiri huyo umemvua nguo mtoto.

Sasa nawageukia viongozi wa vyama vya vijana. Mzazi anapomleta mtoto wake uwanjani au darasani kwenu, hamkabidhi kwa mzee wa ukoo. Anamkabidhi kwenu nyinyi. Hiyo ni amana, na mwenye kupokea amana ndiye atakayeulizwa. Msiseme, "Sisi ni vijana, wazee wameshaamua." Kama mnaweza kubeba jukumu la kuwakusanya watoto, basi beberi na jukumu la kuwalinda.

Ulinzi wenyewe hauhitaji fedha za wafadhili. Mtu akija kutaka kuwasaidia watoto, muulizeni alikotoka na kwa nini aliondoka, kisha mwende mkaulize huko. Mtu mzima asikae faragha na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, hata akiwa ustadhi, hata akiwa mwenyekiti. Tangu siku ya kwanza mtoto aambiwe ni nani wa kumwendea akiudhiwa, na awepo mwanamke kwa ajili ya wasichana. Madhara yakitokea, mtoto apelekwe hospitali upesi na habari ifike polisi na kwa afisa wa watoto. Na nambari 116 hupigwa bila malipo. Wazee wakitaka kukaa ili koo zisigombane, nawakae, lakini kesi haimo mkekani mwao. Na kubwa kuliko yote, mtu mbaya msimhamishe, kwani kumhamisha ni kumpa watoto wapya.

Msidhani haya ni ya Garissa tu. Chama cha maskauti wa Marekani, chenye jina kubwa duniani, kwa miaka mingi kiliweka majalada ya siri ya viongozi walioshukiwa kuwadhuru watoto. Wengine waliondolewa kimyakimya, polisi wasiambiwe. Mwaka 2012 baadhi ya majalada hayo yaliwekwa hadharani. Mwaka 2020 chama kikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai kuwa walidhuriwa utotoni. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wala tusiseme vijana hawawezi. Garissa yenyewe ina ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, nchi ile ikiwa imetoka karibuni katika vita vya Shifta, vijana Waislamu wa Young Muslim Association walikwenda kufungua makao ya mayatima pale. Waliona watoto wasio na wa kuwalea, wakasema hawa ni wetu. Hiyo ndiyo hima ninayoitaka leo: kumlisha mtoto, kumsomesha, na kusimama mbele yake anapotishwa.

Na sisi wa pwani tusicheke. Hatuna ngamia, lakini tuna neno letu: "Yaishe ndani." Mangapi yameishia ndani Lamu, Malindi na Mombasa, kwa kuogopa jina la nyumba au jina la chuo? Tofauti yetu na Garissa ni kuwa wao angalau hulipa.

Basi, kijana wangu, hili ndilo jibu. Dhambi ya kitendo si yako. Lakini chai ile uliipeleka, na ukimya wako ulikuwa mmoja katika waliokaa kikaoni. Toba yako haikamiliki kwa machozi. Yule mtu anasomesha watoto hivi sasa, na mji wake unaujua. Nenda ukaseme.

Nami, lau babu angekuwa hai, ningemwomba anirudishe mlangoni pale kwa mwalimu na kumwambia maneno mengine: "Mwalimu, nyama yangu na mifupa yangu. Yako ni amana tu."