Pigo Lililokatazwa na Pigo Linaloua

Wakristu wengi wanapenda kutazama mieleka, hata hapa kwetu Congo, nasi hatuwakatazi. Kijana aliyechoka na kazi ya juma zima hafanyi kosa akienda kufurahia nguvu za watu hodari. Lakini katika mieleka ya Meksiko mna jambo moja linalotuchukiza, nalo tutalisema wazi.

Huko wapiganaji wengi huvaa vinyago, nao ni wa namna mbili: waungwana wanaofuata sheria, na wakorofi wanaozivunja. Basi kuna pigo moja linaloitwa martinete, jina la nyundo kubwa ya kukitia nguzo ardhini. Mpiganaji humgeuza mwenzake kichwa chini miguu juu, humbana kichwa kati ya mapaja, kisha huketi kwa ghafula, na utosi wa yule mwingine hushuka moja kwa moja sakafuni. Pigo hilo ni marufuku. Mwenye kulipiga huhesabiwa ameshindwa papo hapo.

Sheria njema, mtasema. Ngojeni kwanza! Mieleka ya namna hii hupangwa mbele, na mshindi hujulikana kabla ya watu kuingia. Basi mkorofi akipiga martinete, mara nyingi ametumwa alipige. Mwamuzi anapunga mikono, machela inaletwa, aliyepigwa anatolewa amefungwa shingo, watu wanazomea kwa hasira, na juma lijalo wanarudi na feza zao kutazama kisasi. Marufuku gani hii? Imekuwa chumvi ya mchezo.

Sasa tuwahesabu wafu. Oktoba 1993 kijana aliyeitwa Oro, mwenye miaka 21, alipigwa kwa mkono ulingoni mjini Mexico, akaanguka vibaya, akafa. Tarehe 20 Machi 2015, mjini Tijuana, Perro Aguayo mdogo alipigwa teke la kuruka, akaangukia kamba, shingo ikavunjika, hakuona mapambazuko. Alikuwa na miaka 35. Pambano liliendelea karibu dakika mbili, naye amelala juu ya kamba kama nguo iliyoanikwa, watu wakidhani anaigiza. Tarehe 20 Oktoba 2019, mjini Monterrey, La Parka alijirusha nje ya ulingo, mguu ukanasa kambani, akajigonga. Alifariki tarehe 11 Januari 2020.

Hata mmoja wa hao watatu hakufa kwa martinete. Wote walikufa katika michezo iliyo halali! Na ule mruko wa nje ya kamba, wenyewe wanauita mruko wa kujiua. Jina wamelitoa, wala hawaoni haya.

Watatujibu: mbona Padri Sergio Gutiérrez, wa huko huko Meksiko, alipigana miaka mingi chini ya kinyago, kwa jina la Fray Tormenta, apate kulisha yatima? Ni kweli, nasi tunamheshimu. Yeye alitoa mwili wake kwa ajili ya mkate wa watoto. Je, yule aliyelipa kiti cha mbele na kupiga kelele mtu aruke juu zaidi, alikuwa akimlisha nani? Amri ya tano haimhusu mpiganaji peke yake. Inamhusu tajiri anayepanga mchezo, inamhusu na mtazamaji, yaani sisi, maana mtu haruki mahali pasipo na wa kumshangilia.

Kwa hiyo tunasema: kama ni kukataza, wakataze kweli. Waondoe mruko ule wa kichwa nje ya kamba. Martinete nayo ikatazwe na wapangaji wenyewe, si na mwamuzi aliyeambiwa tangu asubuhi kwamba itapigwa. Na mtu akilala asijibu, mchezo usimame mara moja, hata kama anaigiza, hata kama watazamaji watadai feza zao. Wakidai, warudishiwe.