UFUNDI NYUMBANI: Baiskeli Mpya Baada ya Safari ya Kwanza

Askari anunuapo baiskeli mpya mjini Kasese, nyumba nzima hufurahi. Fundi huiunganisha, na kesho yake mwenyewe huipanda kuelekea Bwera. Kabla hajafika njia panda ya Kikorongo, huona kuwa yavuta kushoto, naye hana budi kuushikilia usukani kwa nguvu. Wengi huvumilia, wakisema kuwa chombo kipya kitazoea. Kwa kweli anayezoea ni mpandaji. Chombo kimebaki na kasoro yake.

Hata vyombo vya angani huonyesha kasoro vijaribiwapo. Mhispania Juan de la Cierva alibuni jairoplani, ndege ibebwayo na mapanga yazungushwayo na upepo juu yake. Vyombo vyake vya kwanza vilipinduka ubavu. Hakumtaka rubani akaze mkono, bali alitafuta chanzo. Aligundua kuwa panga liendalo mbele hubeba zaidi kuliko lirudilo nyuma, akayatia mapanga bawaba yapate kupanda na kushuka. Januari 1923 chombo chake cha nne kiliruka huko Getafe, karibu na Madrid. Hata leo, baadhi ya jairoplani mpya zikisharuka mara ya kwanza hurekebishwa springi ya usukani kidogo kidogo, ili rubani asichoke kuushikilia.

Baiskeli nayo yataka subira hiyo hiyo. Kwanza, kumbuka inavuta upande gani, kabla hujashika spana. Pili, ipindue miguu juu, utazame gurudumu la mbele. Lisipokaa katikati ya uma, legeza nati zote mbili, lisawazishe, kisha ukaze. Tatu, lizungushe polepole. Rimu ikiyumba kushoto mahali fulani, kaza spoki za kulia za mahali hapo kwa robo mzunguko tu, kisha uzungushe tena. Nne, funga breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Shingo ya usukani ikicheza, ikazwe. Ukiona uma wenyewe umepinda, usiunyoshe kwa nyundo; irudishe kwa muuzaji.

Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu bila mzigo. Ukibadili mawili pamoja, hutajua ni lipi lililoponya. Ikienda sawa, ndipo uijaribu na mzigo. Baada ya juma moja kaza nati zote tena, kwa maana spoki na nati mpya hulegea.

Katu usiupindishe usukani ili kuficha kasoro. Mume mwenye mkono wa kwata aweza kuishikilia baiskeli mbovu miezi mingi. Lakini siku atakapoitwa kazini mbali, atakayeipanda ni mkewe, akirudi kutoka soko la Mpondwe, mtoto kwenye kareya na gunia la mihogo nyuma yake, huku lori la kwenda Kasindi likimpita karibu. Hapo mkono wa mume haupo. Iliyopo ni kazi aliyoiacha.

Samaki mkunje angali mbichi. Nusu saa uani jioni ya leo, na wote watarudi nyumbani salama.