Fulana Kavu Ndani ya Bidoni

MBIO ZA MWAMBAO
Safu ya kila wiki ya Mwajuma Nizigiyimana

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilisimama barabarani nikihesabu wenzangu. Mwezi wa nne tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Safari hii tulikuwa watatu. Wengine walituma ujumbe, na karibu wote waliandika neno moja: baridi.

Siwalaumu. Mgeni anayekuja kuogelea Karonda saa sita mchana hawezi kuamini kwamba Rumonge kuna baridi, lakini sisi tunaoishi hapa tunaijua. Kiangazi, kile ambacho ndugu zetu wa milimani wanakiita ici, kinapoingia mwezi wa sita, mawingu yanaondoka na usiku unabaki bila blanketi. Hewa iliyopoa huko juu Bururi huteremka na mabonde mpaka kwetu, na upepo wa kusini nao unavuma ziwani siku nzima. Alfajiri ya Julai kipimo hushuka hadi nyuzi 17 au 18 hivi. Mtu wa Ulaya atasema hiyo ni asubuhi nzuri, lakini ngozi iliyozoea nyuzi 30 za mchana ina haki ya kusisimka. Tena tumeegemea milima upande wa mashariki. Jua linapochomoza, wa kwanza kuliona ni wenzetu wa ng'ambo, kule rasi ya Ubwari. Tunawaona wanang'aa ilhali sisi bado tumo kivulini na mikono tumeificha kwapani.

Hata hivyo, nasema kwa moyo wote kwamba miezi hii mitatu ndiyo bora kuliko yote kwa mtu anayekimbia pwani hii. Hakuna matope wala mvua ya kukukimbiza chini ya mwembe. Hewa ni nyepesi, mapigo ya moyo yanatulia, na umbali unaokushinda mwezi wa tatu, mwezi wa saba unaumaliza na pumzi ikabaki. Tatizo letu ni nguo. Wengi tunavaa kama watu wanaokwenda kukaa kilioni, kisha tunashangaa mbio zikitutesa.

Najua kwa sababu yalinipata. Miaka sita iliyopita nilipanda na wenzangu barabara ya Bururi nikiwa nimevaa sweta nzito ya pamba, fulana mbili ndani yake, na mtandio umezungushwa shingoni mara mbili. Kilomita ya pili jasho lilikuwa linatiririka. Kilomita ya sita sweta ilikuwa imelowa kana kwamba nimeitoa kwenye beseni. Sikuivua, maana nilijiambia baridi isije ikaniingia kifuani. Tulipochoka tulipanda pikipiki kurudi chini. Mteremko ule, upepo ule, na sweta ile imenigandia mgongoni! Nilifika nyumbani meno yanagongana, na siku tatu sikutoka kitandani.

Aliyenifundisha kosa langu ni baba yangu mdogo, aliyevua ndagala tangu ujana wake, enzi za karabai hadi hizi za taa za betri. Alikuja kunitazama, akakaa kwenye kigoda, akauliza nilivaa nini. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe hukuumwa na baridi. Umeumwa na maji."

Kisha akanieleza wanavyofanya wao. Mvuvi akitoka jioni hubeba bidoni iliyokatwa shingo, na ndani yake huweka nguo moja kavu. Usiku kucha anavuta nyavu, analowa, na wala hasikii baridi, kwa sababu anafanya kazi, na maji ya ziwa yenyewe yana nyuzi 25 hivi, yana joto kuliko hewa. Baridi inamkuta kazi ikiisha, mtumbwi unaporudi mwaloni naye amekaa kimya. Hapo ndipo huvua kilicholowa na kuvaa kile kikavu, hata kabla samaki hawajahesabiwa.

"Na wewe ukimaliza kukimbia ni mvuvi aliyemaliza kuvua," akasema. "Nguo yako kavu iko wapi?"

"Sina, baba."

"Basi itafute."

Baadaye nilisoma mambo ya mwili na nikakuta alichosema kimenyooka. Mwili unaokimbia ni jiko. Katika nguvu zote ambazo misuli inachoma, karibu robo tu ndiyo inasogeza miguu. Iliyobaki inageuka joto. Ndiyo maana wakimbiaji wa nchi za theluji wana kanuni yao: vaa kana kwamba nje kuna joto zaidi kwa nyuzi 10. Ukisikia ubaridi kidogo pale mlangoni, umevaa sawasawa. Ukisikia raha pale mlangoni, umezidisha. Na maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo nguo iliyolowa inauchota mwili joto lake na kulimwaga nje. Pamba inakunywa jasho na kulishikilia. Kitambaa cha jezi hakinywi karibu chochote, kinalipitisha likauke. Sufu inakunywa, lakini hata ikilowa bado inahifadhi joto. Soma lebo shingoni kabla hujanunua nguo.

Hapa nataka niwapeleke sokoni, kwenye nguo za chagua, yaani mitumba. Mabelo yakifunguliwa, wanawake wenzangu hukimbilia masweta mazito yenye manyoya ndani. Pembeni hubaki rundo la vijaketi vyembamba vya nailoni, vile vinavyolia ukivikunja, pamoja na fulana za mikono mirefu zinazoteleza mkononi. Hakuna anayevitaka kwa sababu vinaonekana havina joto. Lakini hizo ndizo nguo ambazo watu wa Ulaya walishonewa kukimbilia majira yao ya baridi! Wamezivaa barafu ikiwa chini, wakazitoa, zikavuka bahari mpaka kwetu, nasi tunazipita. Kijaketi changu nilikipata hapo kwa bei ndogo kuliko sweta. Kinazuia upepo wa ziwa, na nikipata joto nakivua, nakifunga kiunoni, sisikii uzito wake.

Basi navaa hivi: fulana ya jezi ya mikono mirefu iliyo karibu na ngozi, kijaketi juu yake, suruali nyepesi, soksi, na kilemba chepesi ninachoweza kukishusha shingoni. Tukifika dakika ya kumi, kijaketi kinatoka. Safari ya kwenda natanguliza uso kwenye upepo, ili wakati wa kurudi, jasho likiwa limekolea, upepo unisukume mgongoni badala ya kunipiga kifuani.

Kwa wanawake wa hapa liko jambo jingine, na nitalisema wazi. Wapo dada zetu wengi ambao hawakuacha kukimbia kwa uvivu. Waliacha kwa sababu ya macho ya mtaa: avae nini, aonekane vipi, atasemwa na nani. Kwenye joto la Februari mwanamke anayejisitiri anateseka kweli akikimbia. Kiangazi kinamwondolea mateso hayo. Suruali ndefu, mikono mirefu na kichwa kilichofunikwa vinakuwa ndilo vazi linalostahili hali ya hewa, na hakuna wa kumuuliza. Mimi mwenyewe nilianza mwezi wa saba, nikiwa na umri wa miaka thelathini na nane, na sidhani ningeanza mwezi mwingine wowote. Ndiyo maana inaniuma kuona ni mwezi huu huu wanaokaa nyumbani.

Ziko imani mbili ninazoomba tuachane nazo. Ya kwanza ni ya vijana wanaokimbia mchana wamejifunga nailoni na makoti, eti wayeyushe kitambi. Kinachotoka pale ni maji. Ukipanda kwenye mizani umepungua, ukinywa lita moja umerudi ulipokuwa, na katikati hapo umeutia moyo wako katika hatari ya bure. Anayewafundisha hivyo vijana wetu anawadhuru. Ya pili ni kwamba baridi ya asubuhi inaleta malaria. Malaria inaletwa na mbu, na mbu wake huuma usiku mpaka alfajiri, ndiyo saa tunayotoka. Mikono mirefu na soksi, basi, vinafanya kazi mbili. Ongezeeni na ya tatu: juu pavaliwe rangi nyeupe au ya kung'aa, kwa sababu barabara ya Nyanza-Lac saa hiyo ina malori, na ina baiskeli zilizopakia mabidoni ya mawese zikiteremka bila taa.

Msidhani ni sisi tu tunaohangaika. Tarehe 16 Aprili 2018, marathoni ya Boston ilikimbiwa katika mvua na upepo mkali wa mbele, joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Wakimbiaji wakubwa walijitoa mmoja baada ya mwingine. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa mwaka uliotangulia, aliongoza mpaka karibu na mwisho, akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa ofisi ya serikali aliyekuwa akifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Upande wa wanawake alishinda Desiree Linden, mwanamke wa kwanza wa Marekani kushinda pale tangu 1985, na utepe aliukata akiwa bado na jaketi mwilini. Siku ile nguo ilikuwa sehemu ya mbio, kama ilivyo miguu.

Sisi ni watu wa nchi ya mbio. Vénuste Niyongabo wa Vugizo, Makamba, alituletea dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996. Gilbert Tuhabonye alizaliwa Songa, huko huko juu Bururi kunakotushukia baridi hii, akanusurika mauaji ya Kibimba mwaka 1993 akiwa na majeraha ya moto, na leo anafundisha watu wa kawaida kukimbia huko Austin, Texas. Francine Niyonsaba wa Ruyigi alipata fedha ya mita 800 Rio mwaka 2016. Binti wa Kanyenkoko au Birimba anayezitaka njia hizo asikatishwe tamaa na upepo wa ziwa, ikiwa shida yake inaponywa na fulana moja.

Tangu siku ile ya baba mdogo, naacha bidoni yangu iliyokatwa kwa mama muuza uji karibu na daraja la Murembwe, tunapoishia. Ndani yake mna fulana kavu na kitenge. Nikifika navua kilicholowa nyuma ya kibanda chake, navaa kikavu, ndipo naagiza uji. Jumamosi ile tuliyokuwa watatu, nilipofunua bidoni nikakuta fulana mbili zisizo zangu zimekunjwa juu ya yangu. Wenzangu walikuwa wamezileta usiku uliotangulia bila kuniambia. Mama wa uji ameniuliza kama alete bidoni kubwa zaidi. Nimemwambia alete.