Ndege Kuukuu ya Kijeshi na Gharama ya Kuitunza

Serikali inapoiondoa ndege kubwa ya kijeshi katika utumishi, hubaki na njia tatu: kuikatakata na kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kuiacha uwanjani iliwe na jua na mvua, au kuitengeneza upya na kuiweka katika jumba la makumbusho. Njia hii ya tatu husifiwa sana, wala hapana ajabu, maana ndege kubwa hutia haiba mahali ilipo. Walakini sisi wakazi wa Migori na Homa Bay, ambao Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti zetu dhamana ya makumbusho ya maeneo yao, yatupasa tuipime rai hiyo kwa mizani ya insafu kabla ya kushawishika nayo.

Tutwae mfano wa Buffalo, ndege ya uchukuzi iliyoundwa Kanada na kuingia katika Jeshi la Anga la Kenya katika miaka ya 1970, yenye mabawa ya mita 29 kutoka ncha hadi ncha na kimo cha karibu mita 9, iliyosanifiwa iweze kutua na kuruka katika viwanja vifupi visivyo na lami. Ni ndege ya aina hiyo iliyomchukua Hezekiah Ochuka, kiongozi wa waasi wa Jeshi la Anga, na mwenzake Pancras Oteyo Okumu hadi Dar es Salaam tarehe 1 Agosti 1982, baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Rais Moi kushindwa. Na tarikhi inatwambia kwamba Ochuka alirejeshwa Kenya, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, akanyongwa mwaka 1987, na kwamba Jeshi la Anga lenyewe lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine. Ikiwa kipo chombo cha kijeshi kistahilicho kusimulia habari nzito kwa watu wa Nyanza, basi ni hicho.

Aghalabu watu hudhani kuwa kutengeneza ndege ya maonyesho ni kuipaka rangi na kuzing'arisha rafadha zake, ilhali adui mkubwa amejificha ndani, pale ambapo bati la alumini limeshikanishwa kwa ribiti na chuma cha namna nyingine, na unyevu ukaingia katikati, kutu nyeupe ikaanza kula chini ya rangi pasipo kuonekana. Kando ya ziwa letu, ambako hewa haikauki na ndege wa angani hawaachi kujenga viota, chombo kilichowekwa wazi hakina maisha marefu: vioo vya chumba cha rubani hupata ukungu, mipira ya magurudumu hupasuka kwa kulemewa na uzito, na matundu ya kutolea maji huzibwa na nyigu. Kwa hiyo gharama ya kweli haiko katika mwaka wa matengenezo. Iko katika paa, na katika mshahara wa mtunzaji kwa miaka yote ifuatayo.

Wako wasemao kwamba ndege isiyoruka ni maiti, na kwamba heshima yake ni kurudi angani. Hoja hiyo yajibiwa na yaliyowapata wenzetu wa Afrika Kusini, ambao ndege yao moja ya kijeshi ya aina ya Shackleton, iliyofufuliwa, ilikuwa njiani kwenda Uingereza mwezi Julai 1994 injini zikaiharibikia, ikatua kwa tumbo katika jangwa la Sahara Magharibi. Watu wote 19 waliokuwamo walisalimika kwa rehema, lakini ndege ikapotea.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya maadili. Ndege za Lincoln za Uingereza ziliangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na moja ya aina hiyo imehifadhiwa vizuri katika makumbusho ya Cosford, Uingereza. Mtu aweza kustaajabia injini zake nne asifikiri hata kidogo juu ya waliokuwa chini ya miti, iwapo hakuna wa kumweleza. Vivyo hivyo, Buffalo isiyotaja mwaka 1982, wala Raila Odinga kuwekwa kizuizini bila hukumu, wala askari waliouawa au kufukuzwa, itakuwa pambo tupu.

Fauka ya hayo, tunazo amana zilizotangulia. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila saruji yapata karne ya 16 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, zadai waashi na ulinzi kila msimu. Na kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga lahitaji wageni na matunzo. Si insafu kuzinyima hizo fedha ili tununue fahari mpya.

Basi rai yangu ni hii: ndege kuukuu na ije, lakini kwa masharti matatu. Paa lijengwe kabla haijafika. Mshahara wa mtunzaji uingizwe katika bajeti ya kila mwaka bila kupunguza sehemu ya Thimlich Ohinga. Na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, Kijaluo, Kisuba na Kikuria, yakitaja mema na maovu pamoja. Mabunge ya kaunti yakishindwa kutimiza mojawapo ya masharti hayo, afadhali yawaachie ndege hiyo wale walio tayari kuitunza.